Ripoti Mbili, Thamani Mbili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uthamini wa Majengo ya Pamoja kwa Ajili ya Bima, Dar es Salaam

Maswali haya huulizwa na kamati za wamiliki wa majengo ya pamoja, kuanzia Upanga hadi Kigamboni, kila muda wa kuhuisha bima unapokaribia. Mengi yanazaliwa na jambo moja: mezani kuna ripoti mbili za uthamini, na namba zake zimepishana kwa mamia ya mamilioni. Ninaloliamini ni kwamba ripoti zinazogongana mara nyingi zimejibu maswali mawili tofauti. Mkijua kila moja iliulizwa nini, sehemu kubwa ya ugomvi inakwisha kabla hamjamlipa mthamini wa tatu.

Hesabu zote hapa chini zinatumia jengo moja la kubuni lenye fleti 25, lililopo Upanga. Viwango ni vya mfano tu, vya kuonyesha njia ya hesabu.

## Mambo ya msingi

Chama cha wamiliki kinakatia bima kitu gani hasa?

Tangu Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, mtu anaweza kuwa na hati ya fleti yake peke yake, huku ngazi, paa, msingi, lifti na uwanja vikibaki mali ya wamiliki wote kwa pamoja. Chama cha wamiliki ndicho kinachosimamia hivyo vya pamoja. Lakini moto hautofautishi ukuta wa chama na ukuta wa Mama Asha wa ghorofa ya tatu. Ndiyo maana njia iliyo salama ni kukatia jengo zima bima moja kwa jina la chama: msingi, nguzo, sakafu, kuta, paa, mabomba, nyaya, lifti na uzio.

Makochi, friji, nguo na televisheni havimo. Hivyo ni bima ya vitu vya ndani, na kila mwenye fleti au mpangaji anajikatia mwenyewe.

Kwani kampuni ya bima haiwezi kuja kutazama jengo na kutupa namba?

Inaweza kumtuma mtu wake akague, na mara nyingi hufanya hivyo. Lakini anayekuja anaangalia hatari: nyaya zikoje, vizimamoto vipo, jenereta limekaa wapi, dizeli inahifadhiwaje. Kiasi cha bima kinatajwa na mwenye mali, na kikikosewa hasara inamrudia mwenye mali. Fomu ya maombi mnayosaini ina sehemu ya kujaza thamani, na namba mtakayoandika hapo ndiyo itakayotumika siku ya madai.

Inatakiwa thamani ya soko au gharama ya kujenga upya?

Gharama ya kujenga upya. Hili ndilo jibu muhimu kuliko yote katika ukurasa huu, na majibu mengine mengi yanarudi hapa.

Thamani ya soko inajibu swali la mnunuzi: leo hii jengo hili lingeuzwa kwa bei gani? Ndani yake kuna ardhi, sifa ya mtaa, ukaribu wa barabara na hali ya biashara. Gharama ya kujenga upya inajibu swali la mtu ambaye jengo lake limeteketea: nahitaji fedha kiasi gani nisimamishe jengo kama lile pale pale? Ardhi haiungui. Kiwanja cha Upanga kitabaki kiwanja cha Upanga hata kama kilichokuwa juu yake kimekuwa majivu, kwa hiyo kukilipia bima ni kupoteza fedha.

Katika jengo letu la mfano, ripoti ya kwanza inasema shilingi bilioni 7.8: ardhi bilioni 3.6 na jengo, baada ya kutoa uchakavu, bilioni 4.2. Ripoti ya pili inasema bilioni 6, nayo ni gharama ya kujenga upya bila ardhi. Zinaonekana kupingana, kumbe kila moja iko sahihi kwa kazi yake. Ya kwanza ingemfaa mtu anayeuza. Ya pili ndiyo ya bima.

Msidhani kwamba thamani ya soko siku zote ndiyo kubwa. Nje kidogo ya mji, ambako ardhi bado ni ya bei nafuu na wanunuzi ni wachache, jengo linaweza kuuzwa chini ya kile kilichotumika kulijenga. Huko mkitumia thamani ya soko mtakuwa mmejipunja bila kujua.

Na ile thamani ya kuuza kwa haraka iliyopo kwenye ripoti za benki?

Hiyo ni ya benki. Inakadiria benki itapata nini ikilazimika kuuza dhamana kwa muda mfupi. Haina kazi yoyote kwenye bima ya moto, iruke.

Nani anaruhusiwa kufanya uthamini huu?

Mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, iliyoundwa kwa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Ombeni namba yake ya usajili na muihakikishe kwa Bodi yenyewe. Dalali wa nyumba, hata awe anaujua mtaa kuliko mtu yeyote, si mthamini.

Kwa gharama ya kujenga upya kuna mtaalamu mwingine anayefaa sana: mkadiriaji majenzi. Huyu ndiye anayehesabu nondo, saruji, vigae na ujira wa mafundi kabla mkandarasi hajaingia kazini, na anasimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Kwa jengo kubwa ningependa ripoti ya mthamini iliyoambatana na hesabu ya mkadiriaji majenzi. Gharama yake inauma mara moja, ila inazuia mabishano ya miaka.

Tunaweza kutumia makadirio ya kodi ya majengo?

Hapana. Kodi hiyo, ambayo tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia Luku, yaani malipo ya umeme, hutozwa kwa kiwango maalum. Haisemi chochote kuhusu thamani ya jengo lenu.

## Namba zinapogongana

Ripoti mbili zimepishana sana. Tuanzie wapi?

Msianze na namba ya mwisho. Fungueni kurasa za mwanzo za kila ripoti mtafute maelekezo aliyopewa mthamini: ameambiwa athamini nini, kwa madhumuni gani, kwa tarehe ipi. Kama moja imeandikwa "kwa ajili ya mkopo" na nyingine "kwa ajili ya bima", mmeshapata jibu. Rudini kwenye swali la thamani ya soko na gharama ya kujenga upya.

Kama zote mbili ni za bima, chukueni karatasi mpige mistari ya safu mbili na mshuke kipengele kwa kipengele: ukubwa wa jengo kwa mita za mraba, bei ya kila mita, ardhi imetolewa au imeachwa ndani, uchakavu umekatwa au haukukatwa, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) imo au haimo, ada za wataalamu, kubomoa na kuzoa kifusi, vitu vya nje kama uzio, kisima, tangi la chini, kibanda cha walinzi na jenereta. Kazi hii inaweza kufanywa na mweka hazina akiwa na kalkuleta, na mara nyingi tofauti yote inaelezeka kwa mistari miwili au mitatu tu. Inayobaki baada ya hapo ndiyo tofauti halisi ya maoni ya kitaalamu, na huwa ndogo kuliko ilivyoonekana kikaoni.

Inawezekanaje watu wawili wapime jengo moja wapate mita tofauti?

Kwa sababu hawapimi kitu kimoja. Mmoja amejumlisha ndani ya fleti tu, kama zinavyoandikwa kwenye hati za wamiliki. Mwingine amepima jengo lote kwa nje, pamoja na korido, ngazi, chumba cha lifti, balkoni na maegesho ya chini. Kwenye jengo letu wa kwanza alipata mita za mraba 2,900 na wa pili 3,750. Kwa shilingi milioni 1.2 kwa mita, hiyo ni bilioni 3.48 dhidi ya bilioni 4.5. Zaidi ya bilioni moja imetoka kwenye futi kamba peke yake.

Kwa bima anatakiwa aliyepima jengo lote. Korido nayo ina zege na nondo, na mkandarasi hataijenga bure. Mkiwa na ramani zilizoidhinishwa na halmashauri, mpeni kila mthamini nakala ileile.

Vitu gani husahaulika zaidi?

VAT inaongoza. Mkandarasi aliyesajiliwa atawatoza kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, na chama cha wamiliki ambacho hakijasajiliwa VAT hakina mahali pa kuidai irudi. Baada ya hapo ni ada za msanifu, mhandisi na mkadiriaji majenzi, kisha kazi ya kubomoa kilichobaki na kuzoa kifusi. Watu huona kifusi ni jambo dogo mpaka wafikirie malori yakiingia na kutoka kwenye kichochoro cha Kisutu au Kariakoo, na majirani wanaohitaji kukingwa wakati kuta zinashushwa.

Hesabu ya jengo letu ni hii: ujenzi mtupu bilioni 4.5, VAT milioni 810, ada za wataalamu milioni 450, kubomoa na kuzoa milioni 240. Jumla bilioni 6.

Angalieni pia namna hati ya bima ilivyopangwa. Baadhi ya kampuni huweka kifusi na ada za wataalamu kwenye mistari yake ya pekee yenye viwango vyake. Ikiwa ni hivyo, msiviweke tena ndani ya thamani ya jengo, maana mtakuwa mnalipia mara mbili.

Tukichukua wastani wa namba mbili, si tutakuwa tumemaliza ubishi?

Mtakuwa mmemaliza ubishi wa kikao tu. Wastani wa bilioni 7.8 na bilioni 6 ni bilioni 6.9, namba ambayo hakuna mtaalamu yeyote aliyeitoa wala atakayeitetea. Mkadiria hasara, yule anayetumwa na kampuni ya bima kupima hasara baada ya moto, akiwauliza imetoka wapi, mtamjibu nini? Nalisema kwa msisitizo kwa sababu kamati nyingi hukimbilia wastani kwa nia njema, ili asiwepo wa kununa. Chagueni namba yenye mtu nyuma yake.

Mbona tusichukue tu ndogo ili ada ya bima ipungue?

Kwa sababu ya kanuni ya uwiano, iliyomo katika mikataba mingi ya bima ya moto. Inasema hivi: kama mmekatia bima sehemu tu ya thamani inayotakiwa, kampuni italipa sehemu hiyohiyo ya hasara, hata kama hasara yenyewe ni ndogo.

Tuseme kamati ilichukua bilioni 4.5 ya ujenzi mtupu, wakati thamani kamili ni bilioni 6. Hiyo ni robo tatu. Moto ukaanzia jikoni kwa mtu mmoja, ukaharibu ghorofa mbili, hasara milioni 800. Wengi hudhani watalipwa zote, kwa kuwa milioni 800 iko chini sana ya bilioni 4.5. Watalipwa milioni 600, kabla hata ya kutolewa kile kiasi ambacho mkataba unamtaka mwenye bima ajibebee. Milioni 200 zinazobaki zinarudi kwa wenye fleti 25: milioni 8 kila mmoja, zinazotakiwa haraka, wakati wengine wanalala kwa ndugu.

Waliokoa nini? Kwa kiwango cha mfano cha asilimia 0.15, ada ya bilioni 6 ni milioni 9 kwa mwaka, na ya bilioni 4.5 ni milioni 6.75. Tofauti ni shilingi 90,000 kwa kila fleti kwa mwaka mzima. Ukiweka na VAT ni 106,200. Hesabu hii isomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu kabla ya kupiga kura.

Basi tuchukue kubwa tuwe salama zaidi?

Bima ya mali inarudisha kilichopotea, haimtajirishi mtu. Mkikatia bilioni 7.8 jengo la kujengwa kwa bilioni 6, mtalipwa gharama halisi na si zaidi. Ada ya ziada mliyolipa kila mwaka imekwenda.

Mthamini mmoja ameandika kwa dola na mwingine kwa shilingi. Tufanyeje?

Zote zigeuzwe shilingi kwa kiwango cha tarehe moja, kisha ndipo mlinganishe. Dola ilikuwa karibu shilingi 2,300 mwaka 2022 na ikafika karibu 2,700 mwaka 2024 kabla ya kushuka tena. Tofauti ya hapo peke yake inaweza kuonekana kama ugomvi wa wathamini. Kanuni za mwaka 2025 pia zimepiga marufuku kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuendelea na ripoti ya dola.

Kuna ukweli mmoja wa kuzingatia, hata hivyo. Lifti, jenereta, alumini ya madirisha na vifaa vingi vya umeme vinatoka nje. Mwombeni mkadiriaji majenzi atenganishe vitu hivyo, ili shilingi ikishuka mjue sehemu gani ya thamani inapaswa kupanda.

## Kufikia namba moja

Tunaweza kuwakutanisha wathamini wenyewe?

Ndiyo, na ndiyo njia ninayoipendekeza kabla ya kumtafuta wa tatu. Mwandikieni kila mmoja barua ya heshima yenye ile karatasi ya safu mbili, mkiomba aeleze vipengele vilivyopishana. Kisha waiteni kikao kimoja, jengoni, wakiwa wamesimama mbele ya kitu wanachobishania. Mtaalamu akionyeshwa kwamba aliacha maegesho ya chini, kwa kawaida atatoa ripoti iliyorekebishwa bila kelele. Marekebisho yawe kwa maandishi, yenye saini na muhuri. Maneno ya simu hayatasaidia siku ya madai.

Msimshinikize mthamini afike kwenye namba mnayoitaka ninyi. Mkifanya hivyo, ripoti inaacha kuwa kinga yenu.

Wameshindwa kukubaliana. Mthamini wa tatu achaguliwe vipi?

Achaguliwe na pande zote kabla ya kujua atasema nini, na wote wakubaliane mapema kwamba namba yake itafuatwa. Apewe maelekezo ya maandishi: gharama ya kujenga upya jengo lote, bila ardhi, bila kutoa uchakavu, pamoja na VAT, ada na kifusi, kwa tarehe fulani. Apewe ripoti mbili za mwanzo zikiwa zimeambatanishwa. Akiombwa tu "athamini jengo", mtapata namba ya tatu isiyofanana na zote.

Nani anaamua: kamati au mkutano mkuu?

Someni kanuni za chama chenu kwanza. Pale zinapokaa kimya, busara ni kamati ifanye uchambuzi na mkutano mkuu upitishe kiasi cha bima, kwa kuwa upungufu ukitokea wanaochangishwa ni wote. Muhtasari uandike namba, ripoti iliyotumika na sababu ya kuiacha nyingine. Mwenyekiti atabadilika, wapangaji watahama, lakini muhtasari utabaki.

Kampuni ya bima imekataa ripoti yetu.

Iombeni iseme kwa maandishi imekataa kipengele gani. Mara nyingine ni ripoti ya zamani, au haionyeshi ilivyofikia bei ya mita. Kama kampuni inataka namba ndogo kuliko yenu, iwekeni barua yake kwenye faili vizuri, na ombeni mkataba uandikwe kwamba kanuni ya uwiano haitatumika. Wakikataa, mna haki ya kupeleka biashara kwingine. Dalali wa bima mwenye leseni anaweza kuwatafutia bei kwenye kampuni kadhaa, mradi mumpe ripoti ileile kwa wote.

Malalamiko yanapelekwa wapi?

Inategemea mnalalamikia nini. Uzembe wa mthamini unapelekwa Bodi ya Usajili wa Wathamini. Mwenendo wa kampuni, wakala au dalali wa bima unapelekwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Mgogoro wa madai una mlango wake, Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, lakini kwanza muwe mmeilalamikia kampuni yenyewe kwa maandishi, na muulize kama kiasi mnachodai kiko ndani ya uwezo wake.

Uthamini urudiwe baada ya muda gani?

Ningefanya uthamini kamili kila baada ya miaka mitatu, na katikati nimwombe mkadiriaji majenzi ahuishe bei kwa barua fupi. Ufanyike mapema zaidi kama mmeongeza ghorofa, mmebadili lifti au bei ya saruji na nondo imeruka.

Kumbukeni pia kwamba moto unaweza kutokea mwezi wa mwisho wa mkataba, na ujenzi ukachukua mwaka mmoja au miwili baada ya hapo. Mwombeni mthamini aonyeshe nyongeza ya mfumuko wa bei kwa kipindi hicho, kwenye mstari wake.

## Hali zisizo za kawaida

Mmoja wetu ana mkopo, na benki yake imemkatia bima fleti kwa thamani nyingine.

Hii inatokea sana. Benki imethamini fleti moja kwa bei ya soko, ikakata bima ambayo fidia yake inalipwa kwake. Sasa fleti hiyo iko ndani ya bima mbili, lakini hasara ni moja. Kampuni mbili zitagawana malipo, hazitalipa mara mbili, na kugawana huko huchelewesha kila mtu. Njia nzuri ni chama kuiandikia benki, kuipa nakala ya bima ya jengo zima na kuomba maslahi yake yatajwe humo. Benki ikikubali, mwenzenu anaacha kulipia bima asiyoihitaji. Namba ya benki isiingizwe kwenye jumla ya chama, kwa sababu ile iliyoelezwa kwenye swali la thamani ya soko.

Mmiliki ameweka jiko la kisasa na marumaru fleti nzima. Je, vinaingia kwenye thamani ya jengo?

Amueni kiwango cha msingi cha umaliziaji, kile ambacho jengo lilikabidhiwa nacho, na mthamini atumie hicho kwa fleti zote. Aliyezidisha atangaze kwa kamati, athaminiwe ziada yake, na ada ya ziada hiyo alipe yeye. Bila uamuzi huo mthamini mmoja atahesabu marumaru na mwingine atahesabu vigae vya kawaida, na mtarudi kwenye ripoti mbili.

Chini kuna maduka, juu watu wanaishi.

Thamani ya kujenga upya inabaki ileile kwa njia ileile. Kinachobadilika ni hatari, na kwa hiyo ada. Mwenye stoo ya vitenge au magodoro Kariakoo anabeba hatari kubwa ya moto kuliko fleti ya juu yake, na Soko Kuu la Kariakoo lililoungua Julai 2021 halijasahaulika. Elezeni kampuni ukweli wote kuhusu matumizi. Kuficha duka la mitungi ya gesi kunaweza kuwapotezea fidia yote, hata thamani ikiwa sahihi hadi shilingi ya mwisho.

Mthamini mmoja ametaja nyufa na ubovu wa msingi. Mwingine hakusema kitu.

Simamisheni mjadala wa bei na muite mhandisi wa majengo aliyesajiliwa. Hapa kuna roho za watu. Jengo lililoporomoka katikati ya mji Machi 2013 liliua watu zaidi ya thelathini, na la Kariakoo Novemba 2024 likaua wengine wengi. Kwa upande wa bima, mkataba wa kawaida wa moto haulipi jengo lililoanguka kwa ujenzi mbovu au kwa uchakavu, na ripoti iliyotaja nyufa ikiachwa kabatini itachukuliwa kwamba mlijua mkanyamaza. Ripoti ya aliyeona nyufa ndiyo ya kufanyiwa kazi, hata kama namba yake hamkuipenda.

Jengo letu liko karibu na bahari, au kwenye njia ya maji ya mvua.

Chumvi ya Masaki na Msasani inakula nondo polepole, na bima ya moto hailipi kutu. Mafuriko mara nyingi ni kipengele cha kuongezwa, hakiji chenyewe, kwa hiyo walio karibu na bonde la Msimbazi au kwenye mabonde ya Mikocheni wahakikishe kimeandikwa. Mthamini naye aambiwe ahesabu vitu vya chini kwa umakini: pampu, tangi, jenereta, chumba cha umeme. Hivyo ndivyo maji huanza navyo.

Sisi si ghorofa. Ni nyumba za kawaida ndani ya uzio mmoja, kila mtu na hati yake.

Hapo chama kinakatia bima vya pamoja tu: uzio, geti, kibanda cha walinzi, kisima, barabara ya ndani, taa. Kila mwenye nyumba anathamini na kukatia yake. Ila uthamini ukifanywa na mtu mmoja kwa nyumba zote siku moja, gharama hupungua na vipimo hufanana, kwa hiyo inafaa kukubaliana hata kama bima ni za kila mtu peke yake.

Moto umeshatokea, na mkadiria hasara wa kampuni anasema thamani ilikuwa kubwa kuliko tuliyoandika.

Anachofanya ni kuitumia kanuni ya uwiano iliyoelezwa hapo juu. Mwombeni hesabu yake yote, si jumla tu, muiweke kwenye safu mbili na ripoti mliyoitumia wakati wa kukata bima. Angalieni amepima eneo gani na ametumia bei za tarehe ipi, kwani mikataba hutofautiana: mingine inaangalia thamani ya siku ya hasara, mingine ya siku bima ilipoanza au ya wakati wa kujenga upya. Tarehe peke yake inaweza kugeuza jibu.

Mna haki ya kumweka mtaalamu wenu. Msisaini hati ya kukubali malipo ya mwisho kabla hajaisoma. Kama kuna sehemu isiyobishaniwa, ombeni ilipwe kwanza kama malipo ya awali, ili paa lifunikwe na wakazi warudi wakati mengine yanaendelea. Mikataba mingi ina kifungu cha usuluhishi kwa mabishano ya kiasi cha fidia, chenye muda wake wa mwisho wa kukitumia. Kisomeni wiki ileile ya moto. Msimamo wa kampuni usipobadilika, peleka faili kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima likiwa na ripoti zote, muhtasari wa mkutano mkuu, barua zilizoandikwa na picha za jengo lilivyokuwa kabla ya moto.